Mwamburi na Sauti Iliyochoka

Paukwa!

Pakawa!

Walioketi nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kunde chunguni. Mwenye pupa aungue ulimi, mwenye subira ashibe. Haya, sogezeni vigoda, na aliye na mtoto ampakate, maana ngano hii ina watoto ndani yake.

Hapo zamani za kale, zama zile watu na wanyama walipokutana njiani wakaulizana habari za nyumbani, palikuwa na mkulima katika milima ya Taita aliyeitwa Mwamburi. Mkewe aliitwa Mkawasi, na Mungu aliwajalia watoto watatu. Mkubwa alikuwa binti, Mghoi. Wa katikati alikuwa mvulana, Mwakio. Kitinda mimba alikuwa Wakesho, mtoto wa kike mwenye miguu myepesi kama ya paa.

Shamba lao lilikuwa jema. Mtama ulistawi, mbuzi walinenepa, ndizi ziliinamisha migomba. Lakini nyumba yao ilikuwa na kelele kama bwawa la vyura. Mwamburi aliita asubuhi, akaita mchana, akaita jioni. Akiita, Mghoi husema, "Naja," wala haji. Mwakio husema, "Sijasikia," na hali amesikia. Wakesho hasemi kitu. Hutimua mbio akajificha nyuma ya zizi.

Mwamburi akachukua fimbo. Fimbo ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikavunjika. Ya tatu nayo ikavunjika, na watoto hawakujifunza ila jambo moja: kumwona baba yao kabla yeye hajawaona. Chakula kikiiva, kila mtu alichota chake akaenda kulia pake. Mmoja mlangoni, mmoja jikoni, mmoja juu ya jiwe. Ungesema ni wapita njia waliokutana kwa bahati.

Siku moja mtungi wa maji ukakutwa umepasuka. Mwamburi akauliza nani kauvunja. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akauliza mara ya tatu, kisha akamshika Mwakio aliyekuwa karibu naye, akamchapa. Mwakio hakulia wala hakujitetea. Jioni ile hakula.

Kulipokucha, Mkawasi akamwendea mumewe alipokuwa akinoa jembe. Hakupandisha sauti.

"Baba Mghoi," akasema, "watoto hawa wanakuogopa. Kukuheshimu bado. Hayo ni mambo mawili."

Maneno yale yalimkaa Mwamburi kifuani kama mwiba wa samaki kooni. Akachukua jembe akaenda shambani, lakini hakulima. Aliketi ukingoni akitazama nyasi, na hapo ndipo alipomwona Kanga.

Kanga yule aliishi pembeni mwa shamba na vifaranga wake kumi na sita. Kumi na sita, jamani, si watatu! Walikuwa wakipita wamefuatana kama shanga uzini, mama mbele, watoto nyuma, hakuna aliyesukumwa wala aliyesahaulika. Mwamburi akamsalimu, akamweleza taabu yake yote, akamwomba ampe hiyo dawa anayowanywesha watoto wake.

Kanga akamjibu kwamba dawa hana. "Ila kesho njoo, uketi, utazame," akasema.

Asubuhi ya kwanza Mwamburi akaja, akaketi, akatazama. Vifaranga wawili waligombania punje moja ya mtama. Mwamburi alingoja mama yao apige kelele. Kanga hakupiga kelele. Alikwenda akasimama kati yao, akaiweka punje chini ya mguu wake, akangoja mpaka wametulia. Kisha akaipasua kwa mdomo, huyu nusu na huyu nusu. Mwamburi akauliza kama ni hayo tu. Kanga akamwambia, "Kesho njoo, uketi, utazame."

Asubuhi ya pili akaja, akaketi, akatazama. Kanga, katika kuparura udongo, akamkanyaga kifaranga mdogo bila kukusudia. Akainama, akamlaza manyoya kwa mdomo, akamwambia, "Nisamehe, mwanangu, nimekuumiza." Mwamburi akashangaa, akauliza tangu lini mzazi akamwomba mtoto msamaha.

"Sasa Baba Mghoi," Kanga akasema, "nisipomwomba mimi, yeye atajifunzia kwa nani?"

Mwamburi akainuka kuondoka. Kanga akamwambia, "Kesho njoo, uketi, utazame."

Asubuhi ya tatu akaja, akaketi, akatazama. Vifaranga walikuwa wametawanyika uwanda mzima. Mara kivuli kikapita juu ya nyasi, kivuli cha mwewe. Kanga akaita mara moja, sauti fupi. Kumi na sita wote wakalala chini, wakatulia kama mawe. Mwewe akazunguka, akazunguka, akazunguka, asione cha kuokota, akaenda zake.

"Umewaita mara moja tu," Mwamburi akasema.

"Sauti yangu sijaichosha kwa mambo madogo," Kanga akajibu. "Wakiisikia, wanajua kuna jambo."

Mwamburi akarudi nyumbani taratibu, kichwa chini. Alipofika hakumwita mtu. Alikwenda mwenyewe kwenye lile jiwe alipoketi Mwakio, akachutama mbele yake ili macho yao yalingane.

"Mwanangu, siku ile ya mtungi nilikuchapa bila kujua kosa lako. Nimekukosea. Nisamehe."

Mwakio akamtazama baba yake kana kwamba anamwona leo. Na hapo, nyuma ya zizi, kikasikika kilio. Wakesho akatoka huko akijifuta pua kwa mkono, akaja hadi miguuni pa baba yake. Kwa mara ya kwanza hakukimbia.

"Ni mimi, baba. Mimi ndiye niliyeuvunja mtungi. Mwakio alijua, akanyamaza."

Mwamburi akakaa chini kabisa, mavumbini. Alidhani hana watoto wenye adabu. Kumbe huyu alikuwa amekubali kuchapwa ili mdogo wake asiguswe, na wema huo ulikuwa ndani ya nyumba yake siku zote, kelele zake zikiufunika. Akawakumbatia wote wawili, na machozi yakamtoka mtu mzima, na hakuyaficha.

Siku ile Mkawasi alipakua chakula kwenye chano kimoja kikubwa cha mti, nao watano wakakizunguka. Kabla ya kunawa, Mwamburi alimshukuru mkewe kwa neno lile alilomwambia wakati wa kunoa jembe. Mkawasi naye akamshukuru Mghoi kwa kuni. Mghoi, kwa haya, akamshukuru Mwakio. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile: hakuna anayetia mkono chanoni kabla hajamshukuru mtu.

Msidhani mambo yalinyooka kwa siku moja. Siku za mwanzo Mwamburi aliita kwa upole, na Mghoi akasema, "Naja," asije. Mwamburi akaifanya kazi mwenyewe kimya kimya, akimngoja. Siku ya nne Mghoi akaona aibu, akaja akapokea jembe. Mwakio akaanza kusikia. Wakesho, akikosea, akawa anakuja mwenyewe kusema. Fimbo ya nne haikukatwa.

Masika yakaingia. Alasiri moja watoto walikuwa wakirudi na mbuzi, na njia yao ilishuka kwenye korongo lenye mchanga mkavu. Mwamburi alikuwa ng'ambo akiwangoja. Mvua haikuwa imenyesha pale. Ilikuwa imenyesha kule juu mlimani. Mwamburi akasikia ngurumo isiyo ya radi, akahisi ardhi ikitetema chini ya nyayo. Watoto walikuwa wameanza kuteremka, Wakesho mbele.

Akaita mara moja. "Simameni!"

Wakasimama. Hakuna aliyesema naja, hakuna aliyesema sijasikia, hakuna aliyekimbia. Mghoi akamvuta Wakesho mkono, wakapanda ukingoni. Hata hawajakaa sawa, maji yakateremka na magogo na mawe, mekundu, yakijaza korongo ukingo kwa ukingo. Mbuzi mmoja aliyetangulia akachukuliwa. Watoto watatu wakabaki juu wameshikana, wakitazama.

Maji yalipopungua, Mwamburi alivuka. Akawagusa vichwa kimoja kimoja, Mghoi, Mwakio, Wakesho, kama anayehesabu asiyeamini hesabu yake.

"Zamani ningesema sijasikia," Mwakio akamwambia kwa sauti ndogo.

Kesho yake Mwamburi na Mkawasi walijaza kibuyu mtama mteule, wakampelekea Kanga. Wakamshukuru, wakamshukuru, wakamshukuru. Kanga akapokea kwa heshima, akawaita wanawe waje kusalimia wageni, akasema kwamba yeye alikuwa akilea wake tu. Aliyeketi na kutazama ni Mwamburi.

Sasa, Mwamburi alikuwa mtu, si malaika. Siku moja baada ya mavuno, mbuzi waliingia uani wakautawanya mtama ulioanikwa mkekani, naye hasira zikampanda, akapiga kelele kama za zamani, akawaita wote kwa majina. Watoto wakaja, na mama yao nyuma yao. Mghoi, aliyekuwa sasa msichana mkubwa, akasimama karibu naye, akaweka mkono juu ya mkono wake.

"Baba," akasema polepole, "tumekusikia."

Mwamburi akafumba mdomo. Akamtazama binti yake, na moyo ukamjaa hata akakosa pa kuuweka.

"Asante, mama," akamwambia.

Basi wakapiga magoti wote watano, wakaokota mtama punje kwa punje, mpaka mkeka ukajaa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mkifika kwenu, wasalimieni waliowalea, na kama wametangulia, watajeni kwa wema.