Fonti Moja, Majina Matatu

Nina kesi hapa imenishinda, na mimi si mtu wa kushindwa kirahisi. Mjini Moshi wapo watu watatu. Mzee Kiwelu ana mikono isiyotupa kitu. Bibi Despina, Mgiriki mzaliwa wa hapohapo, ana jicho lisilosahau. Aikande, binti wa jirani yao, ana kompyuta na subira ya ajabu.

Kiwelu alikuwa mpanga herufi za madini kwenye kiwanda cha uchapaji kilichowachapia Wagiriki wa mashamba ya kahawa kadi na vitabu vyao vya sala. Kilipofungwa, tajiri aliagiza herufi za Kigiriki ziyeyushwe, madini yake yauzwe. Kiwelu akazibeba kwa kikapu, akazificha uvunguni mwa kitanda miaka thelathini. Kigiriki hajui hata salamu. "Nilizizoea tu," anasema.

Miaka kama mitatu iliyopita mchwa walikula kitabu cha sala cha mama yake Bibi Despina, naye, akitaka sala zile ziandikwe upya, akazikumbuka herufi za Kiwelu. Lakini saba zilikuwa zimepotea. Zilibaki kwenye kadi ya harusi yake tu, iliyochapwa na Kiwelu mwenyewe, nayo imegandia kioo cha fremu. Bibi akaibandua ili Aikande aipige picha. Ikachanika, palepale penye jina la marehemu mumewe, Stavros. Bibi alilia, kisha akafuta uso. "Piga picha, mwanangu."

Aikande akazichora zote kwenye kompyuta, mwaka mzima, akinyoosha kila palipopinda. Bibi alipoziona akanuna.

"Hizi umezipiga pasi! Zangu zilikuwa zinachechemea, nami nilizipenda hivyohivyo."

Masikini Aikande! Akafuta kazi yote, akaanza upya. Ulipita mwaka mwingine. Safari hii bibi alisoma sala ya mama yake kwenye simu, kisha akaibusu simu. Hata mimi machozi yalinitoka, sifichi.

Sasa fonti, yaani seti hiyo ya herufi za kompyuta, inahitaji jina, na litaonekana kwenye kompyuta za dunia nzima.

"Maisha yangu yote nimepanga majina ya watu," alisema Kiwelu. "Langu sijawahi."

"La Stavros lilichanika, Kiwelu," bibi akajibu taratibu.

Na jana nilimwona Aikande akiandika jina lake mwenyewe kwenye kisanduku cha jina la fonti, akalitazama, akalifuta.

Kisanduku bado kitupu, na usiniambie waandike yote matatu, maana nafasi ni ya jina moja. Haya, kibodi ni yako: ungeandika la nani, na wale wawili ungewatazamaje usoni?