Hodi ya Njia Panda

Paukwa!

Pakawa.

Sauti gani hiyo, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia.

Hapo zamani, si zamani sana, maana mikokoteni ilikuwepo, Digidigi alikuwa akimvuta mkewe kwenye mkokoteni, mbio. Mke ana uchungu wa kuzaa. Mkunga, Bi Kobe, anakaa ng'ambo ya njia panda. Digidigi vuta, vuta, vuta, jasho linamtiririka. Mtoto wa kwanza huyo, jamani, na miaka saba wamemngoja.

Kufika njia panda, njia hakuna. Katikati wamesimama mabwana watatu na mikokoteni yao, pua kwa pua. Kushoto Nyati, na magogo. Kulia Kifaru, na mawe. Mbele Kiboko, na matikiti maji.

"Mimi kwanza, natoka mlimani," anasema Nyati.

"Mimi kwanza, mzigo wangu ndio mzito," anasema Kifaru.

"Mimi kwanza, na sirudi nyuma hata hatua," anasema Kiboko. "Nimewaambia tangu asubuhi."

Tangu asubuhi, mnasikia? Na jua hilo liko utosini.

Digidigi akapiga magoti. "Shikamooni, wazee wangu. Nipisheni, nina mgonjwa." Nyati akapanga magogo yake. Akaomba tena. Kiboko akapiga miayo. Akaomba mara ya tatu. Kifaru akamwambia, "Subira huvuta heri, kijana."

Ati subira. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Digidigi akamtazama mkewe mkokotenini. Akawaza: mwanangu atanifia hapa, kwa ubishi wa watu wasio hata na haraka.

Bi Digidigi akateremka mwenyewe, ameshika kiuno. Akachukua mkeka wake, akautandika katikati ya njia panda, chini ya pua zao.

"Mke wangu, unafanya nini?"

"Nazaa. Hiki ndicho chumba changu." Akawageukia wale watatu. "Nanyi nani amewakaribisha? Tangu lini wanaume wanaingia chumba cha mzazi bila hodi? Haya, mkikaa mna kazi. Mmoja anishike mgongo, mmoja achemshe maji, mmoja apokee mtoto."

Lo, mngewaona. Nyati akafumba macho, akarudi nyuma. Kifaru akageuza uso, akarudi nyuma, mawe yakimporomoka. Na Kiboko, yule asiyerudi hata hatua, alirudi mpaka mtaroni, matikiti yote chini.

Njia nyeupe. Bi Digidigi akaukunja mkeka, akajitupa mkokotenini. "Vuta, mume wangu. Vuta, vuta, vuta." Digidigi alivuta siku hiyo, hajapata kuvuta vile. Mlangoni kwa Bi Kobe, kabla hajapiga hodi, mtoto akalia. Digidigi naye akalia.

Mtoto wakamwita Hodi.

Tangu siku hiyo, ukifika njia panda unasimama kwanza, unapiga hodi. Aliyetangulia kufika, apite. Mkifika pamoja, mpishe aliye kuliani kwako. Mwenye mgonjwa hangoji mtu. Kifaru ndiye aliyelishika sana jambo hili. Hata pakiwa patupu, husimama na mawe yake. "Hodi. Hodi. Hodi." Hutazama huku, hutazama kule, ndipo avute.

Nami hadithi yangu imefika njia panda, nasimama hapo. Wewe uliye kuliani kwangu, pita.