Kwa Nini Watu wa Lwambe Huuliza Bibi Kwanza

Zamani zile, mto Lwambe ulipokuwa bado haujaamua upite wapi, watu wa bonde lake hawakuwa na majina ya koo. Mto uliwatosha. Waliokaa upande wa macheo walijihesabu ndugu, na wa ng'ambo vivyo hivyo. Mwiko ulikuwa mmoja tu: usioe upande wako. Mwenye kutaka mke apande mtumbwi, avuke.

Basi palikuwa na msichana wa upande wa macheo, Mwandawe, mkulima wa mpunga, mbishi tangu utoto. Alimpenda Kihungu, jirani ambaye shamba lake lilipakana na la kwao. Wazee waliposikia walimwamuru Kihungu ahame kabla ya mavuno, maana wamuache vipi mtu anayemtaka dada yake? Mwandawe alilia mpaka macho yakavimba. Kulipokucha akachukua jembe akaenda shambani, kwa kuwa magugu hayajui mapenzi.

Alikuwa akichimba mfereji mpakani mwa mashamba yale mawili, jembe likagonga jiwe. Lilikuwa jiwe laini la mviringo, kama yale ya mtoni, na chini yake magamba ya kome, tele. Mwandawe akaduwaa. Kome hatembei nchi kavu! Akayazoa, akakimbia hadi kwa bibi yake, Bibi Sinyati, aliyekuwa akipepeta mchele.

"Bibi, haya yamefikaje shambani?"

Bibi Sinyati hakushangaa hata kidogo. "Si mto ulikuwa ukipita pale? Mama yangu aliniogesha pale pale. Yakaja mafuriko, mto ukaruka, ukapita nyuma ya nyumba ya kina Kihungu. Babu yake alilala ng'ambo, akaamka upande wetu. Waliojua wamekwisha kufa, na watoto wao wakahesabiwa wa kwetu."

"Na wewe umenyamaza siku zote hizi?"

"Mliniuliza, mjukuu wangu? Nyinyi mnatazama maji. Mimi mnaniletea mchele nipepete."

Mwandawe alicheka huku analia, akamshika bibi mkono wakaenda kwa wazee. Mkubwa wao alibisha sana, akasema mto si mbuzi hata ukate kamba. Bibi akampeleka mpakani, akamwambia ashike jembe mwenyewe. Akachimba, akatoa kome. Akasogea mbele, akachimba, akatoa kome tena. Jasho lilimtoka na ubishi ukamwisha.

"Hawa si ndugu," akasema, akiegemea mpini. "Kina Kihungu hawakuvuka mto. Mto ndio uliowavuka."

Kihungu hakuhama. Mpunga ulipovunwa ulipikwa harusini, na Mwandawe akawa bibi harusi wa kwanza bondeni kwenda kwa mumewe kwa miguu, bila kulowa hata upindo wa nguo. Alikuwa na furaha mpaka akasahau kuona haya.

Na tangu siku hiyo, posa inapoletwa, watu wa Lwambe hawatazami mto unapita wapi leo. Huwaketisha mabibi wa nyumba zote mbili, wakawauliza ulipita wapi walipozaliwa. Ndiyo maana mtu wa kule, ukimwuliza asili yake, atakutajia mto kabla ya kumtaja baba. Na bibi akisinzia katikati ya maneno, posa nzima hungoja mpaka aamke.