Shaba ya Mwantumu

"Vanishi ikichubuka, shaba haijafa." Mmemwambia kipa wenu maneno hayo baada ya kufungwa mabao matano, sasa mnakuja kuniuliza yametoka wapi. Hayakutoka uwanjani, wajukuu zangu. Kaeni niwaeleze yalivyozaliwa, na anayetaka kuchezea simu aende nje.

Hapo Korogwe palikuwa na karakana ya kusuka mota: za mashine za kusaga, za pampu, za feni. Kusuka mota ni kuizungushia upya waya wa shaba uliopakwa vanishi, lile ganda jembamba linalozuia umeme usivuje. Mwenyewe alikuwa Mwantumu, binti wa marehemu mzee Kihiyo. Baba yake alimfundisha kazi tangu usichana wake, na alipokuwa mahututi aliwaita ndugu akawaambia karakana ni ya Mwantumu. Mdogo wa mzee, Singano, aliyesuka mota pamoja naye miaka mingi, aliitikia kwa mdomo tu. Moyoni alitaka aipate mwanawe.

Basi Mwantumu akaanza kuugua ugonjwa usioeleweka. Asubuhi moja mguu wa kushoto ukawa mzito, vidole vikafa ganzi, jicho likaona ukungu. Baada ya wiki kadhaa akapata nafuu, akarudi kazini anacheka. Kisha ukamrudia. Na watu mnawajua, hawamsamehe mgonjwa anayepona na kuugua tena. Ijumaa wamemwona sokoni anatembea, Jumapili wanasikia kalala, wakasema anajidai mgonjwa. Wengine wakasema baba yake huko kaburini amekasirika mwanamke kushika koleo. Hilo lilimuuma Mwantumu kuliko mguu, maana alijua baba yake alivyompenda.

Hospitali ya rufaa wakampiga picha ya ubongo, na daktari, mama mmoja asiye na haraka, akamweleza. Neva za kichwani ni kama nyaya, zinapeleka habari mguuni na jichoni. Lakini haziishi peke yake. Zina seli saidizi: ziko zinazozilisha, ziko zinazofagia uchafu, na ziko zinazozivisha ganda ili habari isipotee njiani. Zamani hata wataalamu walizidharau, wakidhani ni gundi tu ya kushikilia neva. Sasa kwake yeye, walinzi wa mwili wake mwenyewe walikuwa wamekosea, wakalishambulia ganda lile kama adui. Likibanduka, habari zinakwama. Zile seli zinazovisha ganda zikiwahi kulirudisha, hata nusunusu, mguu unaamka. Dawa za kuwatuliza walinzi zipo, ila ya kuumaliza ugonjwa bado haijapatikana.

Mwantumu akauliza kama neva zenyewe zimekufa. Daktari akasema nyingi bado nzima, na ndiyo maana asicheze na dawa, kwani neva ikikaa uchi muda mrefu nayo hufa. Mwantumu akarudi nyumbani na dawa zake, hofu iko palepale, lakini sasa alijua anapigana na nini.

Singano alichosikia ni neno moja tu, ubongo. Akalitembeza mtaa mzima kwamba kichwa cha Mwantumu kimeharibika, na mwenye kichwa kibovu haachiwi karakana. Akawakusanya wazee wa ukoo, wakaja asubuhi, yeye mbele, na kufuli jipya mkononi.

Wakamkuta Mwantumu ameketi kwenye kizingiti cha karakana. Alikuwa amejikongoja na fimbo mpaka pale, kisha miguu ikakataa. Singano akamwamuru anyanyuke apishe.

"Miguu imegoma, baba mdogo," akasema Mwantumu. "Jana ilinikera kwa kugoma, leo naishukuru. Anayetaka kuufunga mlango huu, anibebe kwanza."

Hakuna aliyesogea. Nani angemzoa mtoto wa kaka yake kama gunia, mchana kweupe? Singano akajikohoza, akasema yeye hana ugomvi na mtu, ila kichwa kikiharibika kimeharibika.

"Nikuulize la kazi," akasema Mwantumu. "Mota imenyeshewa, vanishi imechubuka, inapiga shoti. Wewe na baba mlikuwa mnaitupa?"

"Tuitupe, tuna wazimu?" Singano akafoka, maana kazi ile aliipenda kwelikweli. "Unaikausha, unaipaka upya. Vanishi ikichubuka, shaba haijafa."

Akasikia alichokisema. Wazee nao wakasikia, mmoja akaanza kucheka chinichini, akashindwa kujizuia.

"Basi yangu haijafa," akasema Mwantumu. "Nimechubuka vanishi, baba mdogo. Kukaushwa nakaushwa hospitali. Rudi na kufuli lako."

Singano akarudi nalo, na mtaa ukapata la kusema mwezi mzima. Mwanawe mwenyewe alikuja baadaye kuomba kazi, akapewa, chini ya Mwantumu.

Msidhani alipona. Ugonjwa ulikuja na kwenda, na kila ulipokwenda uliondoka na kitu. Mwisho akawa anafanyia kazi kwenye kiti cha magurudumu, meza ameikata miguu ifike kimo chake. Siku moja akaingia mteja mgeni na mota ya pampu begani, akatazama huku na huku juu ya kichwa cha Mwantumu, akauliza fundi mwenyewe yuko wapi.

Mwantumu akapangusa meza kwa kiganja.

"Iweke hapa," akamwambia. "Vanishi ikichubuka, shaba haijafa."