Komora na Ukingo wa Mchanga Mweupe

Paukwa! Itikieni. Pakawa! Haya, kuni zimeshika, sikio lisilale.

Hapo zamani za kale, mto ulipokuwa ukijiendea utakako, Mungu tu akiujua, mafuriko yalimeza nusu ya kijiji. Wazee wakamtuma Komora, mpiga kafi hodari, akatafute mahali pa kuhamia kabla ya masika. Desturi yao ilikuwa hii: mto hupandwa kwa mtumbwi, hushukwa kwa miguu.

Komora akapanda siku tatu. Akaburura mtumbwi juu ya mawe ya maporomoko, akapenya matete yenye ndege tele, hata akafika kwenye ukingo wa mchanga mweupe, mpana, wa kupendeza. Akasema moyoni, hapa ndipo.

Kurudi, mkondo ukambembeleza, akabaki mtumbwini. Kona ya kwanza Kenge aliyekuwa akiota jua ukingoni akamwita, "Komora, shuka utembee."

"Mto naujua."

Kona ya pili, "Komora, shuka utembee."

"Mto naujua."

Kona ya tatu, "Komora, shuka utembee."

"Mto naujua, wewe mwenye ndimi mbili."

Kenge akazama majini.

Nyumbani akawaambia wazee habari za mchanga mweupe, na kwamba ameshuka kwa miguu, hatua kwa hatua. Watu wakaanza kufunga mikeka na kukamata kuku. Jioni mkewe, Habona, akamletea maji ya kunawa miguu. Akazitazama nyayo.

"Baba Jilo, njia ile ni miba mitupu. Nyayo hizi zimekanyaga nini?"

Komora akainama. Habona akasema, "Mimi sitakusemea. Ulilolitoa kwa kinywa chako, lirudishe kwa kinywa chako. Watoto watalala pale."

Alfajiri, mizigo ikiwa vichwani, Komora akasimama mbele ya watu. "Nilidanganya. Sikutembea. Nirudisheni, na mnipe wa kunichunga."

Wakamcheka, wakamwita shujaa wa kukalia. Kisha wakampa Habona amchunge.

Wakapanda kwa mtumbwi, wakashuka kwa miguu, wawili. Penye mchanga mweupe Habona akaonyesha juu: kwenye matawi ya migunga, mara mbili ya kimo cha mtu, yalining'inia manyasi makavu yaliyoletwa na gharika. Mto ulikuwa umepita juu ya pale waliposimama. Komora akamshukuru Mungu, wakaendelea, miguu ikitoka damu, mpaka kilima cha mawe ambako miti ilikuwa safi.

Watu wakahamia huko. Masika yakaja, mchanga mweupe ukafutika kwa siku moja. Kilimani kina mama walikuwa wakinung'unika kwamba maji yako mbali.

"Yako mbali, mama zangu," Komora akawaambia, "na yakae huko huko."

Hadithi yangu imekomea hapo. Nilipokosea kuisimulia, Mola anisamehe, nanyi pia.