Jeneza la Amiri Qahtani

Wamesimulia waliotutangulia, na Allah ndiye ajuaye zaidi, kwamba Amiri Qahtani alifariki ghafla asubuhi ya Ijumaa. Mwanawe Mundhir, aliyerithi kiti, alimpenda baba yake mno. Siku ile hakuwa na haja nyingine ila kumzika kabla jua halijatua.

Kabla ya kumsalia maiti, Sheikh Wahbi, imamu wa mji, akauliza kama ilivyo ada: "Enyi waumini, je, marehemu anadaiwa?"

"Hadaiwi, sheikh," Mundhir akajibu upesi. "Aliyokopa kwa kasri na karamu ni ya serikali. Watalipa raia na wajukuu wao."

Wakasali, wakainama kulibeba jeneza. Lahaula! Halikuinuka. Wakaitwa wapagazi wa sokoni, watu wa shingo nene, halikutikisika. Kisha chini ya sanda zikasikika pumzi nyingi, ndogondogo, kama za watoto wachanga waliolala. Watu wakarudi nyuma.

Mwanamke mjamzito aliyesimama mlangoni akasema, "Bwana, huyu wangu hata titi hajalionja, nawe umeshamtwika mzigo. Karamu zenu alizila lini?"

Mundhir akalia mbele ya watu. "Deni nimelichukua mimi. Ujenzi wa kasri usimame, karamu za baraza zifutwe, posho yangu ikatwe. Maskini asiongezewe kodi hata kibaba."

Jeneza likainuka, wakaenda. Lakini mbele ya nyumba ya ami yake, Shaddadi, tajiri aliyesamehewa kodi tangu ujana, likawa zito tena hata wabebaji wakapiga magoti. Pumzi zile zikarudi.

Shaddadi akamnong'oneza Mundhir, "Mwanangu, damu nzito kuliko maji. Na askari wanaokulinda ni wangu, usisahau."

Mundhir aliogopa, tusidanganyane. Alijua bila askari wale huenda asifike Jumamosi akiwa amiri. Akalitazama jeneza la baba yake limekaa vumbini.

"Ami, wallahi nakupenda," akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Lakini utalipa kama alipavyo muuza maji."

Shaddadi akaondoka na askari wake wote. Jeneza likanyanyuka jepesi, kana kwamba ni ubao mtupu, na raia wakamzunguka Mundhir mpaka makaburini.

Ndugu zangu, kumfunga mkanda mwenye njaa hata mwoga anaweza. Mundhir alianza na sahani yake, akaenda mpaka kwa jamaa zake, na umri wake wote ulikwisha akilipa. Mola atuepushe na kukopa kwa jina la asiyeweza kukataa.