Neno la Uchochoroni na Pete ya Sultani Muntasiri

Alikuwako, na kama hakuwako lawama zimwendee aliyenisimulia, Sultani mmoja aitwaye Muntasiri bin Kahtani, naye alitawala mji wa Fairuzi, mji wenye mabustani na misikiti na makanisa, na Waislamu na Wanasara wakiishi humo ukuta kwa ukuta, wakiazimana chumvi na kugombana juu ya kuku. Na kidoleni Sultani alivaa pete ya akiki, na ndani ya pete alifungwa jini aitwaye Hamrazi, ambaye sharti lake lilikuwa kuitekeleza amri ya mwenye pete kama ilivyotamkwa, asiongeze wala asipunguze.

Na katika mji huo Girgisi Mnasara, mtengeneza mishumaa, alipakana na Shakiri Mwislamu, muuza kahawa. Asubuhi moja maji machafu ya Shakiri yalipita chini ya mlango wa Girgisi yakalowesha tambi za mishumaa aliyokuwa akiitengeneza kwa harusi yake mwenyewe na Tekla binti Yohana, na Girgisi kwa hasira akasema neno baya juu ya dini ya Shakiri, na Shakiri akamrudishia neno baya juu ya dini ya Girgisi. Maneno gani? Siwaambii. Yalikuwa maneno ya kipumbavu ya watu wawili waliogombana juu ya maji ya kuoshea vikombe, na kabla jua halijapanda wote wawili walikwisha kuona haya, na Shakiri alikwisha kupeleka dele la kahawa la kuomba radhi.

Mambo yangeishia hapo, lakini uchochoroni alikuwapo Dahili muuza vitana, mtu asiyeweza kukaa na neno tumboni. Akaenda sokoni akawaambia Waislamu, "Astaghfirullahi, mimi nasimulia tu, lakini Mnasara amesema hivi," na akalisema. Akapita upande wa pili akawaambia Wanasara, "Mungu anisamehe, si maneno yangu," na akalisema lile jingine. Na kila aliyesikia alishika kichwa, akaomba msamaha kwa Mola, kisha akakimbia kumwambia jirani, na akatia chumvi kidogo. Imamu alilisema juu ya mimbari ili watu waujue ubaya wake, na kasisi akalisema madhabahuni kwa sababu hiyo hiyo. Watu wazima hao, wenye ndevu. Nasimulia na kichwa kinaniuma.

Ilipofika alasiri karakana ya Girgisi ilikuwa ikiteketea pamoja na mishumaa yote ya harusi, na mkahawa wa Shakiri umevunjwa kwa mawe, na wao wawili wamejificha katika zizi la farasi wa Sultani, chini ya majani mamoja, wakinong'onezana.

"Nilikwambia uchimbe mfereji," alisema Girgisi.

"Na mimi nilikuuliza mawe ya kuujengea nitayatoa wapi," alijibu Shakiri.

Askari wakawakuta, wakawaburuta hadi uwanja wa kasri, na makundi mawili yakafika, kila mtu na jiwe mkononi, yakidai kwamba dini imetukanwa na lazima vichwa vianguke. Tekla naye alikuja mbio, shela lake likiburuzika vumbini. Njiani kila mtu alitaka kumweleza alichosema mchumba wake, naye aliwajibu, "Sikuuliza amesema nini. Nimeuliza yuko wapi."

Sultani Muntasiri alikuwa ameamshwa katika usingizi wake wa mchana, jambo asilolipenda. Akatoka barazani, akasugua pete, na Hamrazi akasimama kama moshi mwekundu uliopita urefu wa minara ya misikiti na misalaba ya makanisa.

"Labeka, Maulana."

"Ewe Hamrazi," akanguruma Sultani, "kila aliyeyatamka matusi haya leo katika mji wangu, mkamate ulimi, na jua likizama mkate kichwa, awaye yote."

"Matusi gani, Maulana? Mimi nilikuwa ndani ya pete."

Na Sultani, ili pasiwe na shaka, akayataja yote mawili kwa sauti, neno kwa neno.

Jini akamtazama kitambo, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekosea hesabu ile ile tena. Kisha akanyoosha mkono, na kila kidole kikazaa mikono mingine, na wa kwanza kukamatwa ulimi alikuwa Sultani, akafuata waziri aliyemletea habari, na imamu, na kasisi, na Dahili, na askari, na makundi yote mawili, na Girgisi na Shakiri wakawa wa mwisho. Uwanja mzima ukasimama ndimi nje, na jua likishuka.

"Nimechoka," akasema Hamrazi. "Nilimtumikia baba yako na babu yako, na kila utawala ni haya haya. Neno lilisemwa uchochoroni, na mngelinyamazia lingekufa kabla ya adhuhuri. Mnasema linawaumiza, na hakuna kati yenu aliyekataa kulionja. Sasa hizo 'astaghfirullahi' na 'Mungu anisamehe' hazimo katika amri niliyopewa, na amri nitaitekeleza, labda Maulana aitangue."

Maulana alitamani sana kuitangua, lakini ulimi wake ulikuwa mkononi mwa jini. Akazungusha macho, akaona kinywa kimoja tu kilicho huru, cha Tekla, na akaivua pete akaitupa miguuni pake.

Tekla akaiokota, na jini akamwinamia. "Bibi, hawa wamechoma mishumaa ya harusi yako, na bwana wako walikuja kumpiga mawe. Jua limegusa milima. Kama unataka wafe wote, na yeye pamoja nao, wewe nyamaza tu."

Tekla alikuwa na hasira, tusidanganyane. Katika kundi moja alimwona shangazi yake na jiwe la kumpigia Shakiri, na katika kundi la pili alimwona mama wa Kiislamu aliyemtarizia shela lile, naye ana jiwe la kumpigia Girgisi. Akalia kidogo, akajifuta.

"Hawa wakifa," akasema, "nani atakuja harusini? Waachie, Hamrazi. Lakini mawe wasiyatupe. Wayabebe mpaka uchochoroni wakajenge mfereji wa maji ya Shakiri, Waislamu kwa Wanasara. Na Maulana, kwa kuwa hana jiwe, atachimba."

Na ikawa hivyo, na Sultani akachimba, na mfereji ule haukuvuja kamwe. Harusi ikafanyika kwa mishumaa ya kasri na kahawa ya Shakiri, na hazina ya Sultani ikawajengea wote wawili upya, wakawa matajiri. Pete Tekla aliivunja, na Hamrazi akaenda jangwani mahali pasipo watu, akalala.

Funzo lake ni kwamba anayelitangaza tusi amelisema zaidi kuliko aliyelianza, na dini haijapata nguvu kwa jiwe la mtu yeyote. Je, mji ulifunzika? Juma lile lile Dahili alikaa sokoni akisimulia jinsi jini alivyomshika ulimi, na watu wakamsogelea wakamwuliza, "Lakini neno lenyewe hasa lilikuwa lipi?"

Na wewe unayesoma, nakuona. Tangu mwanzo unangoja nilitaje.